Kreni ya Unga wa Kilo Mbili: Uchambuzi wa Kisa cha Likizo ya Agosti

Jumamosi ya tatu ya likizo ya Agosti, pakiti ya unga wa kilo mbili ilipanda sentimita tisa kutoka kwenye mkeka wa sebuleni kwetu Jericho, Nairobi, ikasimama, ikatoa mlio wa trrrk, halafu ikaanguka na kupasuka kona. Mpwa wangu hakulia. Aliuzoa unga kwa kiganja, akaurudisha kwenye pakiti, akaniuliza, "Mjomba, ni gia tena?"

Nikamjibu kwamba ndiyo, ni gia tena. Hilo lilikuwa kosa, na nilikuwa nimelirudia tena na tena. Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu najua wako wazazi, wajomba na walimu wengine watakaokaa na mtoto mbele ya rundo la vyuma vyenye matundu, mashine ikatae kwenda, nao wakimbilie kulaumu kile kinachopiga kelele. Kwetu iliyopiga kelele ilikuwa gia, na mgonjwa alikuwa fremu, yaani mnara uliozibeba.

Bati la Toi

Vyuma vyenyewe nilivipata soko la Toi, upande wa vyombo vya nyumbani vya mitumba, chini ya lundo la vinyago vya plastiki. Vilikuwa ndani ya bati la biskuti lililoshika kutu ukingoni. Muuzaji aliniambia ni spea za cherehani. Nilipofungua kifuniko nikaona papi nyembamba za chuma, nyekundu na kijani, kila moja imetobolewa matundu kwa mstari, vyuma vya pembe vinne virefu, gia za shaba, shafti kadhaa, na bolti chache mno. Nilijua ni Meccano, vyuma vya watoto vya kuungia mashine ndogo kwa bolti na nati. Tulivutana bei hadi shilingi 1,500, nikapanda matatu nikiwa nimelipakata bati kama keki.

Aliyeanzisha vyuma hivi ni Frank Hornby, karani wa Liverpool, Uingereza, ambaye alikuwa akiwatengenezea wanawe vinyago kwa vipande alivyovikata kwenye bamba la shaba. Aliandikisha hataza yake mwaka 1901. Mwanzoni aliviita Mechanics Made Easy, na jina la Meccano likaja mwaka 1907. Wazo lake ni la kawaida sana ukishaliona: matundu yote yapishane kwa umbali uleule, nusu inchi kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, yaani milimita 12.7. Ukishakubali hilo, upapi wowote unaungana na upapi wowote. Kiwanda chake kikubwa cha Binns Road kilifungwa mwaka 1979, lakini ile nusu inchi ipo mpaka leo, na ndiyo maana bati lililozunguka dunia hadi Toi bado linaweza kuongezewa vipande vipya.

Watu wazima nao wamevitumia kwa kazi nzito. Mwaka 1934, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Douglas Hartree na Arthur Porter walitumia vipande vya Meccano kuunda mashine ya kutatua milinganyo ya hesabu ambayo kwa mkono ingewachukua siku nyingi. Mashine ile ilitegemea gurudumu dogo linalobingirika juu ya sahani bila kuteleza hata kidogo. Lishike hilo neno, kuteleza, maana litaturudia.

Mpwa wangu ana miaka kumi na tatu. Kutoka kwao anaona kreni ndefu za majengo zikizunguka juu ya Kilimani, na alipoliona bati hakusitasita: "Tujenge hiyo." Masharti aliyaweka mwenyewe. Ibebe pakiti ya unga wa kilo mbili. Iipandishe sentimita thelathini, kimo cha rula yake ya shule. Na ikae na mzigo hewani bila mtu kuishika.

Bolti zilizofanana

Juma la kwanza liliishia kwenye bolti. Tulihesabu tukakuta tunahitaji zaidi ya mia moja, nasi tulikuwa na thelathini na kitu. Nilikwenda Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, na bolti moja mfukoni kama sampuli. Muuzaji aliipima kwa macho, akasema ni milimita nne, akanipa pakiti. Ziliingia kwenye matundu vizuri, na nati zake zilikaza vizuri.

Tatizo lilianza tulipozichanganya na zile za bati. Mpwa wangu aliweka nati mpya kwenye bolti ya zamani. Ikazunguka mara mbili kwa ulaini, ya tatu ikawa nzito, ya nne ikakwama. Akadhani kidole chake hakina nguvu, akachukua koleo. Nati ikalia, na alipoifungua hesi ya bolti, ile mifereji inayoizunguka, ilikuwa imekwaruzika na unga wa chuma umebaki kwenye kidole.

Tuliketi na kioo cha kukuzia. Bolti za zamani za Meccano ni za inchi 5/32, na hesi zake zafuata kipimo cha Whitworth cha Waingereza, mizunguko 32 kwa inchi. Maana yake hesi moja hadi nyingine ni karibu milimita 0.79. Bolti ya kisasa ya milimita nne ina milimita 0.7. Kwa unene tofauti yao haifiki hata sehemu ya ishirini ya milimita, ndiyo maana muuzaji aliyepima kwa macho hakukosea kwa namna yoyote ninayoweza kumlaumu. Lakini hesi ni kama watu wawili wanaotembea bega kwa bega, mmoja hatua ndefu, mwingine fupi. Hatua mbili za kwanza hujui. Ya nne wameachana.

Tulitenga. Bolti za zamani na nati zake kwenye kopo moja, mpya na nati zake kwenye kopo jingine, na kila kopo likaandikwa kwa kalamu ya wino. Mtu akinunua vyuma vya mitumba hapa Nairobi, hilo ndilo jambo la kwanza ningemwambia afanye, kabla hajajenga hata kiti. Bolti iliyokwama nusu hukudanganya: mkononi inahisi imekaza, kumbe imejishika yenyewe kwenye nati na upapi bado unacheza. Sisi tulikuwa na bolti kumi na moja za namna hiyo kwenye mnara, na tulizigundua tukiwa tumechelewa.

Kumlaumu mwenye kelele

Mashine ya kupandishia ilikuwa hivi. Mkono wa kuzungusha ulikaa kwenye shafti yenye gia ndogo ya meno 19. Hiyo iliisukuma gia kubwa ya meno 57. Shafti ya gia kubwa ilibeba gia nyingine ndogo ya meno 19, nayo ikaisukuma ya pili ya meno 57, iliyokuwa kwenye shafti ya dramu inayoviringisha kamba. Tatu kwa moja, kisha tatu kwa moja tena: unazungusha mkono mara tisa, dramu inazunguka mara moja. Kilo mbili kwa mwendo huo mtoto anazipandisha kwa vidole viwili.

Gia hizi zimepigiwa hesabu safi. Ukichukua ya meno 57 na ya meno 19, umbali wa katikati ya shafti zao ni inchi moja kamili, yaani nafasi mbili za matundu. Huhitaji kupima chochote, weka shafti kwenye matundu yanayofaa na meno yatakutana yenyewe. Meno yakikutana hivyo mara ya kwanza, ukazungusha na kuona ya kwanza inakimbia na ya mwisho inatembea pole kama mzee anayetoka msikitini, kuna furaha inayokushika kifuani ambayo siijui kwingine. Mpwa wangu alizungusha bila mzigo kwa karibu robo saa, akihesabu kwa sauti kuhakikisha kwamba ni tisa kweli.

Kisha tukatundika unga, na trrrk.

Nilibadilisha gia ndogo, nikabadilisha kubwa, nikazigeuza upande, nikasafisha meno kwa mswaki na mafuta ya taa. Usiku mmoja, mtoto akiwa amelala, nilivunja mashine yote ya kupandishia na kuijenga upya, nikijiambia namsaidia. Asubuhi aliitazama akasema taratibu, "Hii si yangu sasa, Mjomba." Maneno hayo yaliniuma, na yalistahili kuniuma. Nilikuwa nimemnyang'anya ile sehemu ya kazi ambayo mtu anakuja kuipata. Tena sikuwa nimetengeneza kitu, maana jioni ile unga ulianguka palepale, sentimita tisa.

Angalia hapo, maana palikuwa na ushahidi na tukaupita. Gia zilibadilishwa mara nne, lakini kuanguka kukabaki kulekule. Ukibadilisha kitu na tatizo lisisogee hata kidogo, kitu hicho hakina hatia.

Tochi nyuma ya meno

Aliyepata jibu ni yeye, na alilipata kwa bahati iliyochanganyika na utundu. Baada ya pakiti kupasuka, alisukuma kichwa cha mnara kwa kidole kimoja, kwa hasira kidogo. Mnara ukainama kama kibanda cha soko wakati wa upepo, ukarudi. Akasukuma tena, mara hii polepole, akitazama gia.

"Mjomba, leta simu."

Nililala kifudifudi kwenye mkeka, jicho usawa wa shafti, yeye akashika tochi ya simu nyuma ya gia. Mnara ukiwa wima, meno yalishikana na hakuna mwanga uliopita. Alipousukuma kwa kidole, shafti moja iliinuka upande wa kushoto, na kati ya jino la gia ndogo na bonde la gia kubwa ukatokea mstari mwembamba wa mwanga. Ukapanuka. Meno ya gia hizi yana kina cha milimita moja na nusu hivi. Shafti ikihama milimita moja tu, yanashikana kwa ncha, na ncha hazibebi kilo mbili. Unga ulipofika sentimita tisa, mnara ulikuwa umepinda vya kutosha, meno yakaruka, mzigo ukashuka, mnara ukajinyoosha, nasi tukifika kuchunguza tunakuta gia zimeshikana vizuri kabisa. Kwa hiyo tulikuwa tunafanya uchunguzi wakati kosa limeshajificha.

Mnara wetu ulikuwa na vyuma vya pembe vinne kama miguu, na papi za kulala zilizoviunganisha kama ngazi. Kwa macho ni imara. Lakini mraba uliofungwa kwa bolti moja kila kona ni bawaba nne. Kaza utakavyo, sukuma upande utaona unalala na kuwa kama msambamba. Pembetatu haifanyi hivyo, maana haiwezi kubadili umbo bila upande mmoja kurefuka au kufupika, na chuma hakirefuki kwa kidole cha mtoto. Mtu aliyejenga nyumba ya mabati anajua: ule mti wa mshazari unaopigiliwa kona hadi kona ndio unaoizuia nyumba kulala.

Tukatafuta papi za mshazari, na hapa tulipata saa mbili za ghadhabu na kisha furaha kubwa kuliko zote za likizo ile. Kwenye mraba, mshazari hauangukii tundu. Ukiwa na nafasi nne kwa nne, mshazari ni nafasi 5.66, na hakuna tundu hapo. Mpwa wangu akakumbuka alichofundishwa shuleni: tatu, nne, tano. Akachukua upapi wa matundu matatu, wa manne na wa matano, akaviunga pembetatu. Vilifungana, lakini kona haikuwa ya mraba. Akajaribu tena. Akaanza kusema Pythagoras alikosea, kwa sauti ya mtu anayekaribia kuamini.

Nilikaa kimya. Ilinigharimu, lakini somo la usiku ule lilikuwa bado bichi. Aliweka upapi wa matundu matano juu ya rula na kuutazama muda mrefu. Kisha akaweka kidole kwenye tundu la kwanza na la pili akasema "moja." La pili na la tatu, "mbili." Alipofika mwisho alisema "nne," akanigeukia uso ukiwa umebadilika. Matundu matano yana nafasi nne. Kinachohesabiwa ni nafasi, kwa hiyo tatu-nne-tano ya Pythagoras kwenye vyuma hivi ni matundu manne, matano na sita. Akaziunga. Bolti ya tatu iliteremka tunduni yenyewe, bila kusukumwa, na kona ikawa ya mraba.

Baada ya hapo hakushikika. Akarudufu: nafasi sita, nane, kumi, maana yake matundu saba, tisa, kumi na moja. Miguu yetu ya pembe ilikuwa na matundu ishirini na matano, yaani nafasi ishirini na nne, na ishirini na nne ni nane mara tatu. Mnara ungegawanyika ghorofa tatu kamili, upana wa nafasi sita, na mshazari wa matundu kumi na moja kwenye kila ghorofa. Sijui kama Hornby aliupanga mchanganyiko huo kwa makusudi, lakini tulipouona tulihisi kama tumepokea salamu.

Pande nne kwa ghorofa tatu zinataka papi kumi na mbili za matundu kumi na moja, nasi tulikuwa na tisa. Hapo utoto wangu ukasaidia. Mtoto wa mtaa wa Nairobi aliyewahi kuunda gari la waya kwa magurudumu ya vizibo vya soda anajua waya unachoweza na usichoweza: unavuta, hausukumi. Upapi mmoja wa mshazari unazuia mnara kulala pande zote mbili, lakini waya mmoja unazuia upande mmoja tu. Kwa hiyo kwenye nafasi tatu zilizobaki tulifunga waya mbili mbili, zikapishana kama herufi X, tukazisokota hadi zikalia zikiguswa. Kabla ya hapo ukiugonga mnara kwa kucha ulitoa sauti ya sufuria iliyopasuka. Sasa ulitoa mlio mmoja mfupi. Alisukuma kichwa chake kwa kidole, kisha kwa kiganja, na tochi haikuonyesha mwanga wowote kati ya meno. Ni wakati huo pia, tukikaza kila kona upya, ndipo tulipozitoa zile bolti kumi na moja zilizokuwa zikijifanya zimekaza.

Mzigo nao ulitaka uzito nyuma usipindue kreni. Tulifunga miguu kwenye kibao cha chapati, na upande wa pili tukaweka pakiti ya sukari ya kilo mbili. Hilo halikutusumbua.

Alama ya rangi ya kucha

Jumamosi ya nne unga ulipanda sentimita ishirini na moja. Hakuna trrrk. Ukasimama, kisha ukaanza kushuka polepole huku mkono wa kuzungushia umeshikwa na haujasogea. Hii ilikuwa ajabu mpya, na nafurahi kusema kwamba safari hii hatukugusa gia. Tulikubaliana utaratibu: fremu kwanza, kisha shafti na mahali zinapolala, kisha kila kinachoshikilia kitu kwenye shafti, gia zenyewe mwisho.

Fremu ilipita. Shafti zilikuwa sambamba. Kwa hatua ya tatu alichukua rangi ya kucha ya mama yake, nyekundu, akachora mstari mmoja mwembamba kutoka kwenye kitovu cha kila gia hadi kwenye shafti yake. Tukapandisha tena. Mistari mitatu ilibaki mizima. Wa nne, kwenye gia ya dramu, ulikatika: nusu yake ya kwenye gia ilikuwa juu na nusu ya kwenye shafti imehamia pembeni karibu robo ya mzunguko.

Gia za Meccano hushikwa kwenye shafti ya mviringo kwa skrubu ndogo ya kukazia, isiyozidi kichwa cha kiberiti. Kamba inavuta ukingoni mwa dramu, milimita 12.7 kutoka katikati. Skrubu inakinza kwenye ngozi ya shafti, milimita mbili tu kutoka katikati. Ni zaidi ya mara sita. Kilo mbili za unga zilikuwa zinaivuta ile skrubu kama zaidi ya kilo kumi na mbili.

Mtoto wa jirani ana Technic ya LEGO, vipande vya plastiki vya kuungia mashine, na alikuja na jibu lake: shafti zao zina umbo la msalaba, tundu la gia ni msalaba pia, hakuna kuteleza. Ni kweli, na ni ubunifu mzuri. Lakini msalaba unakuachia pembe nne tu za kuikalisha gia, na pakizidiwa nguvu kinachovunjika ni jino au shafti. Shafti ya mviringo inakuruhusu kuikalisha gia kwa pembe yoyote, na ikizidiwa inateleza kabla ya kitu kuvunjika. Mimi napenda ya mviringo kwa sababu hiyo. Mpwa wangu, baada ya likizo ile, anasema angependa zote mbili kwenye bati moja.

Nilikuwa tayari na tupa mkononi, nitengeneze bapa kwenye shafti ili skrubu ipate pa kukaa. Fundi mmoja wa Kamukunji, tuliyempitia na ile shafti mfukoni, alituonyesha pulei ya mashine ya posho: mfereji kwenye shafti, mfereji kwenye pulei, na kipande cha chuma cha mstatili katikati yake. "Hii ndiyo kii," akamwambia. "Skrubu inashika, kii inakataa." Mpwa wangu alimshukuru, akaamkia akina mama waliokuwa wakipaka rangi masanduku ya shule, na njiani akasema hataki tupa. Shafti ikikatwa itabaki na kovu, na tunazo sita tu.

Alichofanya ni hiki. Gia ya meno 57 ina matundu usoni. Alisogeza dramu ikaegemea gia, akapitisha bolti mbili kutoka kwenye uso wa gia hadi kwenye ubavu wa dramu, vikawa kitu kimoja. Sasa nguvu ya kamba haikupita tena kwenye shafti. Ilitoka kwenye dramu ikaingia kwenye gia moja kwa moja, na shafti ikabaki kazi ya kuvibeba tu. Mjomba wake, mwenye miaka arobaini na kitu na anayeshinda bohari Eneo la Viwanda akitazama winchi zikipandisha mizigo, hakuwa amelifikiria hilo.

Akaongeza na la pili, alilolitoa kwenye kreni za Kilimani: kulabu zao hazining'inii kwa kamba moja. Tukafunga kapi kwenye kulabu, kamba ikashuka, ikazunguka kapi, ikarudi kufungwa kwenye mkono wa kreni. Kamba mbili zikibeba kilo mbili, kila moja inabeba kilo moja. Gharama yake ni mwendo: kupandisha unga sentimita thelathini unavuta sentimita sitini za kamba, na dramu yetu inameza sentimita nane kwa mzunguko. Ni mizunguko saba na nusu ya dramu, na kwa tisa kwa moja ni sitini na saba na nusu ya mkono.

Lilibaki sharti la mwisho, mzigo ukae hewani peke yake. Tulijaribu gia ya parafujo, inayosukuma gia ya meno 57 jino moja kwa kila mzunguko. Haiwezi kurudishwa nyuma na mzigo, kwa hiyo kwa kushikilia haina mpinzani. Lakini ni hamsini na saba kwa moja. Tulipiga hesabu: mizunguko 427 kwa sentimita thelathini. Alifika 140, akasimama, akatikisa kiganja, akasema mzigo umekaa lakini yeye hajakaa. Tukaiondoa, tukaweka racheti kwenye shafti ya mkono, gurudumu lenye meno yaliyolala upande mmoja na ulimi unaoangukia kila jino likipita.

Jaribio lenyewe lilikuwa saa moja kasoro jioni, dada yangu akiwa jikoni. Mistari yote ya rangi ya kucha ilichorwa upya. Mpwa wangu alikaa magotini, akashika mkono, akaanza kuzungusha. Ulimi wa racheti ukagonga, ka, ka, ka, kwa mpigo usiobadilika. Sentimita tisa zikapita nasi wote tukiwa tumeshika pumzi. Ishirini na moja zikapita. Kwenye thelathini aliachia mkono na kurudi nyuma, mikono hewani kama mtu aliyeamrishwa na polisi. Pakiti ilijizungusha kidogo, ikatulia. Mkono wa kreni ulikuwa umeinama milimita chache kwenye ncha. Nililiona hilo, naye aliliona, na ameshaliandika kwenye daftari. Mistari ilikuwa mizima yote.

Dada yangu akaita kwamba maji ya ugali yamechemka, na unga uko wapi. Mpwa wangu akainua ulimi kwa kucha ya kidole gumba, akaushika mkono wa kuzungushia kwa kiganja kingine, akaanza kuushusha unga jino moja moja. "Unakuja, Mama," akasema, "unashuka."